Mguu Uliobaki Kwenye Pedali

Ndege nyingi ndogo za siku hizi zina gurudumu la tatu puani. Mimi hufundisha urubani wa zile zenye gurudumu hilo mkiani, kama Piper Super Cub na Cessna 180, ambazo huvumilia vizuri viwanja vya changarawe vya huku kwetu Tabora. Wanafunzi wangu huja wakiogopa kutua, nami hulazimika kuwaeleza kwamba ndege hizi hupotea njia hata kabla hazijaondoka ardhini.

Chanzo ni mahali ulipo uzito. Kitovu chake kiko nyuma ya magurudumu makuu mawili, kwa hiyo pua ikigeuka kidogo tu, uzito huo hutaka kuendelea na safari yake ya awali na huzidi kuigeuza ndege. Shika baiskeli kwenye tandiko, achia usukani, kisha irudishe kinyumenyume: itakwenda sawa hatua mbili tatu, halafu gurudumu la mbele litapinduka lenyewe.

Juu ya udhaifu huo, injini nayo huvuta upande. Panga boi likizunguka kwa mwendo wa saa, kwa macho ya rubani aliye kitini, pua huelekea kushoto: mkia ukiwa chini, ubapa unaoshuka upande wa kulia huvuta zaidi kuliko unaopanda, na hewa inayosokotwa na panga boi hupiga ubavu wa kushoto wa mkia. (Injini ya Gipsy Major iliyofungwa kwenye Tiger Moth, ndege ya zamani ya mafunzo, huzunguka kinyume; na kwa kuwa usukani wa mkia hugeuzwa kwa pedali, miguu iliyozoea ndege moja huumbuka kwenye nyingine.) Kisha mkia huinuliwa, na hapo panga boi hutenda kama pia ya watoto, ambayo ukiisukuma ikiwa inazunguka huinama robo ya mzunguko mbele ya pale ulipoigusa. Kwa hiyo mkia ukiinuliwa kwa pupa, pua hurushwa kushoto wakati uleule ambapo gurudumu la nyuma limeacha kushika ardhi na usukani wa mkia haujapata hewa ya kutosha.

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kama ya mita 2,000 hivi: injini hudhoofika, na ndege huhitaji kasi ya ardhini iliyoongezeka kwa takriban asilimia 10 ili iruke. Muda wa hatari hurefuka.

Mchana wa namna hiyo, mwanafunzi wangu alisukuma mbele fimbo ya kuinulia mkia mapema mno. Pua ilikwenda kushoto, naye akakanyaga pedali ya kulia barabara, kama alivyofundishwa. Pua ilirudi katikati, ikapita, ikaendelea kulia. Nilipoondoa nguvu za injini tulikuwa tumeshaingia majanini, na ncha ya bawa la kushoto ikiburuzika.

“Mwalimu, nilikanyaga!” alilalamika.

“Ulikanyaga,” nilimjibu, “ila hukuachia.”

Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa kuu, kuliko hata kuchelewa. Pua ikianza kurudi, mguu unapaswa kuwa umeshalegea, na pengine ule mwingine umeshagusa pedali yake, kwa sababu ndege iliyokwisha kugeuka haijisimamishi yenyewe. Nguvu nazo ziongezwe taratibu, fimbo ikivutwa nyuma ili gurudumu la mkia lishike ardhi, na mkia uachwe uinuke wenyewe mwendo unapotosha.

Siku iliyofuata hatukuruka. Tuliitembeza ndege kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kwenda na kurudi, visigino vya mwanafunzi vikiwa sakafuni, nami nikihesabu mara ambazo mguu wake ulisahau kuachia.