Vipele vya ndevu si lazima vitokane na wembe mchafu

Mtu akitokwa na vipele kidevuni baada ya kunyoa, lawama ya kwanza humwendea kinyozi: wembe wake mchafu. Ni kweli wembe mchafu una hatari zake, homa ya ini ikiwemo, na usikubali kabisa kunyolewa kwa wembe uliotumika kwa mwingine. Lakini vipele vingi vya ndevu huletwa na unywele wenyewe. Ndevu za kipilipili hujikunja. Zikikatwa karibu mno, ncha iliyochongoka hurudi na kuichoma ngozi, nayo huvimba kama iliyoingiwa na mwiba.

Ndiyo maana nyembe za makali matatu au matano, zinazosifiwa kwa kunyoa hadi shinani, mara nyingi huzidisha tatizo: makali ya kwanza huvuta unywele, yanayofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Kishikio cha wembe mmoja, aina ambayo mvumbuzi King Gillette alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1904, kina nafuu. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, paka povu, fuata zinakoelekea, usikandamize wala kuvuta ngozi. Vipele vikishatokea, usivikwangue. Pumzika kunyoa wiki kadhaa. Unywele ukirefuka, mara nyingi hujichomoa wenyewe.