RNA ya transposoni si takataka

Wengi huamini kuwa transposoni, vipande vya DNA vinavyoweza kuhama, ni takataka na RNA yake (nakala inayotolewa kwenye DNA) haina kazi. Si kweli. RNA ya LINE-1, transposoni mojawapo ya binadamu, yenye herufi kama 6,000, hubeba maelekezo ya protini mbili: ORF1p hujiunga tatutatu na kuifunika RNA ileile iliyoizaa, ORF2p hukata DNA, kisha hunakili RNA kuwa DNA. Alu, transposoni nyingine fupi yenye herufi 300 hivi, haina protini yake. Huazima ORF2p (kuiba, tuseme ukweli).

Nakala mbili za Alu zilizoelekeana kinyume kwenye RNA moja zikijikunja pamoja kuwa nyuzi mbili, MDA5, protini ya seli inayotambua RNA ya virusi, huweza kudhani ni kirusi. ADAR1, kimeng'enya cha seli, huzuia hilo kwa kubadilisha herufi adenosini za RNA hiyo kuwa inosini, na nyuzi hulegea. ADAR1 ikikosekana, seli huwasha interferoni, protini za tahadhari dhidi ya virusi, bila adui yeyote.