Ukiachia uzi wa upinde, kazi bado haijaisha

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba ukishaachia uzi, mshale umekwenda, hivyo kushusha mkono ulioshika upinde hakuna neno. Si kweli. Mshale hubaki kwenye uzi ukisukumwa kwa takriban milisekunde 15. Jicho haliuoni muda huo, ndiyo maana wengi hukanganyikiwa. Tena aliyezoea kushusha mkono mapema huanza kuushusha kabla vidole havijaachia, na mshale hupiga chini.

Jipime: simama mita 3 kutoka kwenye kizuizi cha mishale, urekodiwe kwa simu, mwendo wa polepole, mpiga picha akiwa nyuma yako. Mkono wa upinde ubaki palepale na wa kuvuta urudi kando ya shingo hadi mshale ugonge. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze.