Baada ya "to", "-ing" si kosa daima

Ukikaa kwenye tuisheni ya Kiingereza, iwe Kariakoo au Mbagala, huenda ukaisikia kanuni hii: baada ya "to", kitenzi hakiongezwi "-ing". Wengi tumeibeba tangu sekondari. Ndiyo maana barua ya kuomba kazi hapa Dar es Salaam huishia na "I look forward to hear from you", na aliyeiandika ana hakika yuko sahihi.

Sivyo. "To" ziko mbili. Moja ni alama ya kitenzi, kama "ku-" yetu: "I want to read". Nyingine ni kihusishi, na kihusishi hufuatwa na nomino au kitenzi kilichogeuzwa nomino. Kwa hiyo tunaandika "I look forward to hearing from you", na pia "he objected to paying".

Kipimo chake ni chepesi: weka nomino baada ya "to". "I look forward to your reply" inasimama, basi "-ing" inaruhusiwa. "I want to your reply" haisimami.

Naamini kinachotuponza si uzembe. "Kusoma" kwetu ni kitenzi na ni nomino papo hapo: "nataka kusoma", "kusoma kunachosha". Neno halibadiliki hata herufi moja. Kiingereza huitenganisha kazi hiyo, na maana huweza kugeuka kabisa: "I used to live in Temeke" ni zamani niliishi Temeke, "I am used to living in Temeke" ni nimezoea kuishi huko.