Je, wajua kwa nini pawa saplai isiyo na hitilafu hupiga mluzi betri zikishuka?

Dereva wa lori la watalii alirudi gereji kwetu Ngarenaro, Arusha, na malalamiko niliyoyaandika kwenye daftari kama alivyoyasema: "Fundi, tukiwa njiani kimya. Tukifika kambini nikazima injini, haipiti muda kisanduku kinaanza kulia, na redio haishiki tena."

Kisanduku hicho ni pawa saplai ya swichi, yaani inayowasha na kuzima umeme kwa kasi sana ili kubadilisha volti. Inachukua volti 24 za betri za lori na kuzishusha hadi volti 12 za friji. Wiki moja kabla nilikuwa nimeifungia filta kwenye upande wa kuingilia umeme, yaani koili (waya uliozungushwa) na kondensa (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), ili kelele za pawa saplai zisiharibu redio ya mawasiliano. Nikaipima pawa saplai peke yake: nzima. Filta nayo nzima. Ni zikiunganishwa tu, injini imezimwa, ndipo mluzi unapoanza.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha tabia ya pawa saplai za swichi ambayo mafundi wengi hatukufundishwa. Chukua taa ya kawaida ya gari. Volti zikishuka, nayo inapunguza ampea, inafifia. Pawa saplai ya swichi haifanyi hivyo. Kazi yake ni kuhakikisha friji inapata volti 12 hata betri ziweje, na friji ile inakula wati 60. Ni kama mtu aliyeagizwa kujaza pipa kwa muda uleule kila siku: ukimpa ndoo ndogo, ataongeza safari. Injini ikiwa inazunguka, mfumo una kama volti 28, na pawa saplai inavuta ampea 2.1. Injini ikizimwa na betri zikafika volti 23, inavuta 2.6. Volti zimepungua, ampea zimeongezeka. (Upotevu mdogo wa ndani nimeuacha ili hesabu iwe nyepesi.)

Sasa, ukinzani ni uhusiano wa mabadiliko ya volti na mabadiliko ya ampea. Hapa mabadiliko hayo yanakwenda kinyume, kwa hiyo kwa mitikisiko midogo pawa saplai inaonekana kama ukinzani hasi. Kiasi chake unakipata kwa kuzidisha volti za kuingilia kwa zenyewe, kisha kugawa kwa wati. Kwa volti 28 ni omu (kipimo cha ukinzani) 13 hasi. Kwa volti 23 ni karibu omu 9 hasi.

Filta nayo ina tabia yake. Koili na kondensa zikikaa pamoja ni kama bembea: ukiisukuma mara moja, inakwenda na kurudi kwa mwendo wake yenyewe. Yangu ilikuwa na koili ya mikrohenri 47 na kondensa ya mikrofaradi 10, na mwendo wake ni kama mara 7,300 kwa sekunde. Sauti ya namna hiyo sikio linaisikia vizuri sana. Kwa kawaida bembea hutulia kwa sababu ukinzani wa waya na koili unaila nguvu yake kidogo kidogo. Lakini ukinzani hasi hauli nguvu, unaiongeza. Kila bembea inaporudi, pawa saplai inaipa msukumo mwingine. Msukumo huo ukizidi kile kinachopotea kwenye waya, mtetemo haufi, na koili inaanza kuimba.

Kwa nini basi njiani kulikuwa kimya? Kwenye mwendo wake wa asili, filta huonekana kwa pawa saplai kama ukinzani mkubwa. Ukubwa huo ni koili ukiigawa kwa kondensa, kisha ukagawa tena kwa ukinzani wa njia nzima, ambao kwa lori lile nilikadiria omu 0.4. Jibu ni kama omu 12. Injini inapozunguka, omu 12 ziko chini ya zile 13 za pawa saplai, kwa hiyo mtetemo unakufa, ingawa kwa shida. Kambini zile 13 zinashuka hadi 9, na filta inazidi. Hakuna kilichoharibika ndani ya kisanduku. Mpaka ndio uliovukwa.

Jambo hili aliliweka wazi R. D. Middlebrook wa California Institute of Technology, Marekani, mwaka 1976. Kanuni yake ni kwamba impedansi ya filta, yaani jumla ya jinsi inavyouzuia umeme kwenye kila kasi ya mtetemo, iwe ndogo sana kuliko impedansi ya pawa saplai upande wa kuingilia. Kuwa ndogo kidogo tu hakutoshi.

Nasikitika nikiona jibu la haraka linalotolewa mezani kwa mafundi: weka koili kubwa zaidi. Ukiirudufisha koili, zile omu 12 zinakuwa 24, na tatizo linakua. Kuweka rezista, yaani kifaa cha kuleta ukinzani, kwenye njia kuu kunatuliza, lakini umeme wote wa friji unapita humo na kugeuka joto, na betri za kambini hazina nguvu ya kupoteza.

Nilichofanya ni kuweka kondensa ya elektrolitiki ya mikrofaradi 100, volti 50, ikiwa mfululizo na rezista ya omu 1, halafu jozi hiyo nikaifunga sambamba na kondensa ya zamani. Umeme wa kawaida wa betri haupiti kwenye kondensa, hivyo rezista haichemki. Mtetemo ndio unaopita, na humo unamalizwa. Kilele cha omu 12 kinashuka hadi karibu omu 1. Rezista niliiweka makusudi badala ya kutegemea ukinzani wa ndani wa elektrolitiki, kwa sababu huo hubadilika na baridi, na lori hili hulala ukingoni mwa Ngorongoro.

Tahadhari moja kwa atakayesikia mluzi nyumbani: chaja inayolia ikiwa haina mzigo mara nyingi inaruka baadhi ya mapigo ya swichi yake ili kuokoa umeme, na hiyo si hitilafu. Mluzi wa kuogopa ni ule unaokuja mzigo ukiwa mzito na volti zikiwa chini.

Kabla ya kufunga kifuniko nilizishusha betri hadi volti 22, nikawasha friji na kuweka waya wa osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, kwenye filta. Mstari ulipanda kidogo, ukashuka, ukanyooka. Nikaichomoa jozi ile kwa muda: mawimbi yakajaa kioo, na dereva aliyekuwa mlangoni akasema, "Ndiyo hiyo sauti." Nikairudisha, nikailehemu.