Sanduku Linalosubiri Mlipuko

Fundi umeme mmoja kijana, siku zake za mwanzo katika bohari ya mafuta, alifungua sanduku zito la swichi lenye boliti kumi na mbili. Akautazama mfuniko, akashangaa: hakuna mpira wa kuziba. Chuma kimelala juu ya chuma, basi. Akadhani waliomtangulia walisahau. Akakata gasketi safi ya mpira wa milimita 3, akaipachika, akafunga, akaenda zake ameridhika. Nilipofika kwenye ukaguzi nilimwambia kuwa amelifanya sanduku lile bomu. Hakuniamini mpaka tulipokaa chini na kuchora.

Kosa lake linaeleweka. Tumezoea kwamba sanduku zuri la umeme ni lile lisilopitisha kitu, na kwa maji na vumbi la kawaida ndivyo ilivyo. Kwa gesi mambo ni mengine. Vifaa vikiwaka, hewa ya ndani hupata joto, hutanuka, na kiasi chake hutoka. Vikizimwa, hewa hupoa na kuvuta ya nje iingie. Sanduku linapumua. Penye mvuke wa petroli, mvuke huo utafika ndani siku moja, na humo ndani kuna kontakta, swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayotoa cheche kila inapofunga na kuachia.

Sanduku lile lilikuwa na alama ya Ex d: Ex ni vifaa vya mahali penye hatari ya mlipuko, na herufi inayofuata hutaja njia ya kinga. Waliobuni masanduku ya namna hiyo hawakujaribu kushindana na jambo hilo. Walikubali kwamba gesi itaingia na italipuka, kisha wakajiuliza: mlipuko huo tuufungie vipi? Kwanza, kuta ziwe nene za kustahimili msukumo wake. Kwenye majaribio, mara nyingi sanduku hubanwa kwa presha mara moja na nusu ya ile ya mlipuko wenyewe. Pili, gesi ya moto ipewe njia ya kutokea, lakini njia nyembamba na ndefu katikati ya nyuso mbili za chuma. Ikipita humo huachia joto lake kwenye chuma, na ikichomoza nje huchanganyika ghafla na hewa baridi. Inapokutana na gesi ya nje haina tena joto la kuiwasha. Ni dada wa wazo alilolitumia Humphry Davy mwaka 1815 alipozungushia wavu wa waya taa ya wachimba makaa ya mawe: hewa ipite, mwali usipite.

Wembamba unaotakiwa unategemea gesi yenyewe. Kwenye majaribio ya maabara, mwali wa methani hushindwa kuvuka mwanya wa takriban milimita 1.14, wa propani 0.92, wa ethilini 0.65. Haidrojeni hupenya mpaka mwanya ushuke kufikia 0.29 hivi. Masanduku halisi hutengenezwa kwa mianya midogo zaidi ya hapo, ili kubaki na akiba ya usalama. Ndiyo maana gesi zimepangwa kwa makundi: IIA lina propani, IIB lina ethilini, IIC lina haidrojeni na asetilini. Kundi la I ni la migodi yenye methani. Sanduku la IIC linafaa kwenye gesi za IIA, lakini la IIA ukilipeleka kwenye chumba cha kuchajia betri, ambako haidrojeni hutoka, umefanya kazi bure.

Sasa rudi kwenye mpira wa yule kijana. Mlipuko ungeutupa nje kwa mara moja, na kuacha uwazi wa milimita 3 pande zote nne. Gasketi huwekwa pale tu mtengenezaji alipoiweka yeye. Silikoni ya dukani nayo isipakwe kwenye nyuso hizo, wala rangi. Kutu ikiota, usiikwangue kwa tupa wala msasa, maana ukilipunguza bamba hata kidogo umeupanua mwanya. Safisha kwa kitu laini kisichochuna chuma, kisha paka grisi nyembamba ya aina iliyoruhusiwa. Hata nafasi iliyo mbele ya mwanya ina sheria zake: bomba, ukuta au nondo isisogee karibu zaidi ya milimita 10 kwa kundi IIA, 30 kwa IIB na 40 kwa IIC, kwa sababu gesi inayotoka inahitaji uwazi ili ipoe.

Ex d si njia pekee, ingawa ndiyo inayoonewa zaidi na mafundi. Ex e hutumika kwenye masanduku ya kuunganishia nyaya, mahali pasipo na kifaa cha kutoa cheche kikiwa kazini. Nguvu yake ni vituo visivyolegea, nafasi za kutosha kati ya nyaya, na mfuniko ambao huu kweli una mpira wake. Ex p hujaza sanduku hewa safi yenye presha kidogo kupita ya nje, pascal 25 au 50 tu, lakini kabla ya kuwasha umeme hewa hiyo lazima ipitishwe kwanza kufagia gesi iliyomo. Kuna njia nyingine pia: vifaa kuzamishwa kwenye mafuta, kufukiwa kwenye chembe za kioo, au kumiminiwa gundi ngumu.

Ninayoipenda mimi ni Ex i, kwa sababu haifungi mlipuko: inaunyima nishati. Tarehe 14 Oktoba 1913, mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd huko Wales ulilipuka, wachimbaji 439 wakafa. Kati ya vyanzo vilivyotiliwa shaka ni cheche za kengele za umeme za kupashana ishara. Kengele hizo zilitumia betri ndogo, na watu wengi walidhani umeme mdogo namna ile hauna madhara. Utafiti wa miaka ile ulionyesha kuwa hatari ilijificha kwenye koili, yaani waya uliozungushwa, inayohifadhi nishati na kuiachia yote kwa mkupuo waya unapokatika. Methani huhitaji takriban milijuli 0.28 tu kuwaka. Haidrojeni hutosheka na 0.02. Kwa hiyo saketi ya Ex i huzuiliwa volti na mkondo tangu chumba salama kisicho na gesi, na urefu wa kebo huhesabiwa, maana kebo nayo huhifadhi nishati. Haiwezi kuendesha mota, ila kwa vipimo na vitambuzi haina mpinzani.

Cheche si adui pekee. Uso wa moto huwasha gesi bila cheche yoyote, na ndiyo kazi ya herufi T kwenye kibandiko: T1 ni mpaka nyuzi joto 450 za Selsiasi, T4 ni 135, T6 ni 85. Watu hudhani namba kubwa ni joto kubwa. Ni kinyume. Kwenye vumbi la unga, sukari au makaa, uso wa kifaa usizidi theluthi mbili za joto linalowasha wingu la vumbi hilo. Vumbi lililotanda juu ya sanduku kama blanketi huzidisha joto, kwa hiyo ufagio nao ni kifaa cha kinga.

Kabla ya kufungua, zima umeme na ufunge swichi kwa kufuli, kisha subiri dakika zilizoandikwa kwenye mfuniko ili kapasita ziishe chaji na vyuma vipoe. Kipimo cha gesi kiwe mkononi.

Ndivyo tulivyofanya na lile sanduku. Tuliutoa mpira, tukafuta mabaki yake kwa kitambaa, tukafunga na kupima mwanya kuzunguka pande zote. Bamba la kipimo la milimita 0.1 halikupenya, isipokuwa kwenye kona moja. Tukahesabu boliti: kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yake.