Dawa za maumivu za jamii ya afyuni: zinafanya nini mwilini na nini cha kuogopa

Mgonjwa wa saratani wa Newala au Kilwa anayerudi kutoka matibabu Dar es Salaam huweza kuja na chupa ya mofini ya kunywa. Nyumbani ndugu wanaitazama kwa woga. Mmoja amesikia kuwa ni dawa ya kulevya, mwingine anasema aliyefikia mofini ndiyo basi tena. Chupa inawekwa juu ya kabati, mgonjwa anakesha akilia. Woga huo unaeleweka, lakini unamtesa mgonjwa bure, maana mambo ya kuogopa katika dawa hizi ni mengine kabisa.

Dawa za jamii ya afyuni, ambazo wataalamu huziita opioidi, hutuliza maumivu makali: ya saratani, ya baada ya upasuaji, ya ajali mbaya, ya selimundu (siko seli) inapochachamaa. Mofini na kodeini zimo ndani ya utomvu wa mmea wa afyuni wenyewe. Tramadoli, pethidini na fentanili hutengenezwa viwandani. Si dawa za mgongo uliochoka kwa kubeba magunia ya korosho.

Zikiingia mwilini hushika vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo dawa hujishikiza, vilivyo kwenye ubongo na uti wa mgongo, taarifa za maumivu zikapungua. Vipokezi hivyohivyo vipo pia kwenye utumbo, na kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Hapo ndipo yanapotoka madhara yake makubwa.

Nianze na utumbo, maana ndio unaosahaulika. Kichefuchefu na usingizi kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, lakini choo hakizoei: kitaendelea kuwa kigumu muda wote dawa inapotumika. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili au sena, muombe daktari aiandike siku ileile ya kwanza, msingoje hadi tumbo livimbe. Papai na maji ya kutosha vinasaidia, ila peke yake havitoshi. Wapo wagonjwa wanaoacha dawa kimyakimya kwa sababu hii tu. Bibi mwenye umri wake anaona haya kumweleza daktari kijana habari za choo, basi anayemuuguza amsemee.

Kuna pia kuwashwa, kukauka kinywa na kizunguzungu. Aliyeanza dawa au kuongezewa dozi asiendeshe bodaboda, asipande mnazi, asitoke kwenda kuvua.

Hatari inayoua iko kwenye pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Dawa ikizidi, pumzi huwa chache na fupi, anakoroma isivyo kawaida yake, ukimtikisa haamki, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, midomo na kucha zinageuka rangi. Msiseme amepata nafuu, amelala. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali iliyo karibu, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, na dawa aliyokunywa mwende nayo. Ipo dawa ya kumzindua, naloksoni, lakini nguvu yake huweza kuisha kabla opioidi haijatoka mwilini, hivyo hata akiamka na kuongea asirudishwe nyumbani haraka.

Pumzi huzimika upesi zaidi dawa hizi zikikutana na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu. Huku kwetu msimu wa korosho uraka wa mabibo hauko mbali, na nipa vilevile. Anayetumia opioidi asionje, hata kidogo. Tramadoli ina la ziada: huweza kuleta degedege, kwa hiyo mwenye kifafa, au anayetumia dawa za sonona, amwambie daktari kabla. Mwenye ugonjwa wa figo pia aseme. Watoto chini ya miaka 12 wasipewe kodeini wala tramadoli, na mama anayenyonyesha asizitumie. Miili ya baadhi ya watu huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na kwa kumtazama mtu huwezi kujua.

Kuhusu ulevi, tutenganishe mambo mawili. Mwili uliotumia dawa kwa wiki kadhaa huizoea. Ikikatwa ghafla huja jasho, kuhara na maumivu ya viungo, ile hali vijana wanayoiita arosto. Kinga yake ni daktari kuipunguza kidogokidogo. Uraibu ni kuisaka dawa bila kuweza kujizuia hata inapokuharibia maisha, na anayenunua tramadoli bila cheti ili apate nguvu za kazi anauendea. Mgonjwa wa saratani anayeomba dozi iongezwe, mara nyingi ni maumivu yake yameongezeka. Apelekwe akapimwe upya, asisemwe.

Mofini ya maji hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai. Chupa hutofautiana nguvu, hivyo someni lebo kila mnapopewa mpya. Mofini ya kawaida hufanya kazi kwa saa 4 hivi, ndiyo maana hutolewa kwa saa zake bila kungoja maumivu yarudi. Vidonge vinavyoachia dawa polepole havipondwi wala kutafunwa. Dawa ifungiwe mahali watoto hawafiki. Ikibaki, mgonjwa akiwa amepona au ametutoka, irudisheni hospitali ilikotoka. Jirani anayeumwa asipewe.